Shujaa Mzee na Mtoto Aliyepigiwa Kura

Msomaji mpenzi, huenda mwanao yuko mjini. Umempeleka kwa mjomba wake apate kusoma, nawe umebaki kijijini na jembe lako ukihesabu siku za likizo. Likizo ikifika anashuka katika basi, anakuamkia kwa adabu, anakupa sukari na sabuni alizotumwa na mama mkubwa. Usiku unamwona amekaa karibu na taa, anasoma kitabu. Unafurahi moyoni: "Ada yangu haikupotea bure." Kisha wasogea kuchungulia, na unaona nini? Picha tupu! Mzee mwenye mvi amevaa joho jeusi na kofia yenye masikio kama ya popo. Uso wake umejaa damu, naye amemkaba kijana mmoja shingoni.

Je, utafanyaje? Utakitia kitabu motoni? Utanyamaza ukalale? Hayo ndiyo nataka tuyazungumze leo, maana vitabu vya namna hiyo vimekwisha ingia katika nyumba zetu, na kwa njia ya simu vinaingia hata pasipo kubisha hodi.

MABISHANO YA KIBARAZANI

Mimi jambo hili nimelikuta Kurasini. Wanaoijua Dar es Salaam wanaijua Kurasini. Ipo kando ya bandari. Malori ya makontena hupita Barabara ya Kilwa mchana na usiku, na tangu mwaka 2016 lipo daraja refu la kuvukia kwenda Kigamboni. Wenyeji wengi wamehamishwa ili bandari ipate nafasi. Katika nyumba moja iliyosalia nilimkuta kijana wa kidato cha tatu, pamoja na mama yake, mjomba wake afanyaye kazi bandarini, na babu yake aliyekuja kutoka kijijini, upande wa Morogoro, kutibiwa mguu. Kijana alikuwa na kitabu kama hicho nilichokieleza. Alikinunua mjini kwa wale wanaopanga vitabu vya mitumba chini, kando ya barabara.

Babu alikishika kitabu, akakigeuza huku na huku.

"Mjukuu wangu, huyu ni jambazi?"

"Hapana, babu. Huyu ndiye mwema."

"Mwema! Mwema gani anayevunja watu mifupa?"

Mjomba akacheka. "Baba, mji ndivyo ulivyo. Tukimsomesha habari za sungura na fisi tu, akitoka hapo mlangoni atavuliwa viatu."

Mama mtu, aliyekuwa akichambua mchele, akasema polepole, "Mimi Kiingereza sikijui. Lakini nimefungua kurasa zote, sikuona hata mtu mmoja anayecheka kwa furaha."

Basi wakabishana mpaka chai ikapoa. Nami nikawaza: watu hawa hawajui kwamba mabishano yao yamekwisha wagawa maelfu ya wasomaji huko kitabu kilikotoka, tena ni watu wanaokipenda kitabu hicho kama roho zao.

SHUJAA MWENYEWE NI NANI?

Jina lake ni Batman, maana yake Mtu-Popo. Alianza kuonekana mwaka 1939 katika gazeti la hadithi za picha huko Marekani. Waliomtunga ni Bob Kane na Bill Finger. Hana miujiza yo yote. Haruki angani kama Superman aliyemtangulia kwa mwaka mmoja. Ni mtoto wa tajiri ambaye wazazi wake waliuawa na mwivi mbele ya macho yake katika kichochoro. Akaapa kupigana na wahalifu maisha yake yote. Mwaka 1940 akapewa mtoto wa kumsaidia, jina lake Robin, yatima wa watu wa sarakasi. Watoto wakampenda Robin, maana kila mmoja alijiona yeye ndiye.

Lakini hata siku zile wazazi waliogopa. Desemba ya mwaka 1948, katika mji wa Binghamton, jimbo la New York, wanafunzi wa shule ya Kikatoliki walikusanya vitabu vya picha nyumba kwa nyumba, wakavichoma moto uwanjani. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alitoa kitabu kikubwa akisema kwamba hadithi za picha zinawafundisha watoto uhalifu. Wertham hakuwa mtu mbaya. Tangu mwaka 1946 alikuwa na kliniki huko Harlem, akiwatibu watu weusi kwa malipo madogo sana, wakati ambapo wengi walikataa kuwatibu. Maneno yake yalifika hata katika Baraza la Seneti, na wachapaji kwa hofu wakajitungia sheria: wema ushinde siku zote, na mhalifu asikose kuadhibiwa. Kitabu kilichotii kilipigwa muhuri juu ya jalada.

Miaka mingi ikapita. Mwaka 2012 mtaalamu mmoja, Carol Tilley, aliyezichungua karatasi za daktari huyo, akatangaza kwamba baadhi ya maneno ya watoto yalikuwa yamebadilishwa na kukatwa ili yaifae hoja yake. Kumbe daktari aliwapenda watoto, lakini hakuwasikiliza sawasawa! Lishike neno hilo, msomaji, nitalirudia mwishoni.

Kwa sheria zile Batman akawa mpole mno. Katika televisheni, tangu mwaka 1966 hata 1968, alifanywa mtu wa kuchekesha. Waliokuwa watoto siku hizo wakakua wakimjua hivyo: shujaa msafi, mwenye kutoa mawaidha, asiyechafuka hata nguo.

MWAKA 1986

Ndipo akaja mwandishi na mchoraji kijana, Frank Miller, pamoja na wenzake wawili, Klaus Janson na Lynn Varley. Mwaka 1986 wakatoa hadithi mpya katika vitabu vinne. Ndiyo ile aliyokuwa nayo kijana wa Kurasini.

Humo Batman amezeeka. Ana miaka 55. Kazi yake aliiacha miaka kumi nyuma, anakunywa pombe na kuota ndoto mbaya. Mji umeshikwa na genge la vijana wauaji. Katika pango lake limetundikwa vazi la Robin aliyekufa, na hapendi kulitaja jina lake. Mwishowe anarudi kazini, lakini mwili haumtii tena. Anapigwa, anavunjwa, anatoka damu. Robin mpya ni binti wa miaka 13 ambaye wazazi wake hawajishughulishi naye. Hata Superman ameingia katika hadithi, naye amekuwa mtumishi wa serikali anayetumwa kumkamata rafiki yake.

Wasomaji wakagawanyika mafungu mawili.

Fungu la kwanza lilishangilia. Walisema, "Sasa tumeandikiwa kweli. Mtu aliyeona wazazi wake wakiuawa hawezi kuwa mchekeshaji. Miji yetu ina wizi na dawa za kulevya. Mbona hadithi zijifanye hazioni?" Tena walisema kwamba ndani ya giza lile mna wema. Batman wa Miller, pamoja na ukali wake wote, anakataa kuua. Kuna mahali anaivunja bunduki mbele ya vijana wahuni na kuwaambia kwamba hiyo ni silaha ya adui. Mji unapoingia gizani, anawachukua vijana wale wale, anawapandisha farasi, na kuwaongoza kulinda watu na kuzima moto. Waliokuwa genge wamepewa kazi.

Fungu la pili lilihuzunika. Walisema, "Mmetunyang'anya rafiki yetu wa utotoni." Wengine waliona kwamba hadithi inasifu nguvu za mtu mmoja aliye juu ya sheria, jambo ambalo nchi nyingi zimelilipia kwa machozi. Na mwandishi wa riwaya wa Kanada, Mordecai Richler, akiandika katika gazeti la New York Times mwaka 1987, alilalamika kwamba hadithi hizi mpya zimekorogeka na kujaa maneno mno.

Hata hivyo kitabu kiliuzwa sana, na wengine wakaiga. Wengi wakaiga damu, wachache wakaiga fikira. Ndivyo ilivyo duniani: ukipika pilau na jirani akasifiwa kwa pilipili, kesho mtaa mzima watia pilipili hata kwenye uji.

KURA YA SIMU

Sasa sikiliza jambo ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko damu yote iliyochorwa.

Robin wa kwanza alikwisha kua. Tangu mwaka 1983 alikuwapo Robin wa pili, Jason Todd. Mwanzoni naye alikuwa mtoto wa sarakasi, msafi kama mwenzake. Lakini mwaka 1987, katika kumtengeneza Batman upya, Jason akaandikwa upya: sasa ni mtoto wa mitaani. Batman alimkamata usiku akiiba magurudumu ya gari lake, tena katika kichochoro kile kile walikouawa wazazi wa Batman. Mtoto huyu alikuwa mkaidi, mwenye hasira, asiyependa kuambiwa. Wasomaji wengi hawakumpenda. Wengine wakasema, "Mpeni nafasi, amelelewa na njaa."

Wahariri wakaona mgawanyiko huo, wakaugeuza biashara. Mwaka 1988 wakatoa hadithi ambayo Robin anaangukia mikononi mwa adui mkubwa, yule mwenye uso wa kichekesho aitwaye Joker. Anapigwa kwa mtaimbo, kisha ghala linalipuliwa kwa bomu. Nyuma ya kitabu wakaweka namba mbili za simu: ukitaka mtoto aishi piga hii, ukitaka afe piga ile. Kila simu senti 50 za dola.

Simu zikapigwa tarehe 15 na 16 Septemba 1988. Zikahesabiwa 10,614. Waliotaka aishi: 5,271. Waliotaka afe: 5,343.

Tofauti ni kura 72 tu. Simu 37 zingegeuka upande wa pili, mtoto angepona. Baadaye mhariri Dennis O'Neil alisema kwamba alisikia kuna mtu aliyeiamuru kompyuta yake ipige simu tena na tena ili mtoto afe.

Basi akafa, na watu wengi wakakasirika. Hata wasiosoma vitabu hivyo waliuliza: ni mchezo gani huu wa kuwauliza watu kama mtoto auawe?

Na je, wajua alikufa wapi? Katika hadithi hiyo alikufa Ethiopia, jirani zetu hawa. Alikuwa akimtafuta mama yake mzazi, akamkuta huko akifanya kazi ya udaktari katika msaada wa njaa. Wakubwa mnaikumbuka njaa ile ya mwaka 1983 hata 1985, na jinsi watu laki nyingi walivyokufa. Mwandishi alichukua msiba wa majirani zetu akautundika nyuma kama pazia, ili mbele yake aliliwe mtoto mmoja wa Marekani. Hilo nalo wasomaji wetu walitazame. Ukali wa kweli ungewatazama wale wenye njaa usoni. Kutia vumbi na maiti nyuma ya picha si ushujaa wa kalamu.

Na liko neno jingine. Mama yule alikuwa na siri zake. Adui alimshika kwazo, naye akamtoa mwanawe mwenyewe. Walipofungwa pamoja ghalani, bomu likihesabu dakika, yule mtoto mkaidi, mwivi wa magurudumu, akajaribu kumwokoa mama aliyemwuza. Bomu lilipolipuka alijitupa mbele yake amkinge. Waliopiga simu hawakulijua hilo la mwisho. Lilitoka katika kitabu kilichofuata, kura zikiwa zimekwisha hesabiwa.

WAZEE WETU HAWAKUOGOPA DAMU

Ukisema, "Hayo ni mambo ya wageni, hadithi zetu zilikuwa safi," nitakukumbusha Fumo Liongo. Yupo mtoto wa pwani asiyemjua? Shujaa, mshairi, mtu ambaye mkuki haukumwingia. Alifungwa gerezani na ndugu zake, akatoroka. Mwishoni mwanawe wa kumzaa alihongwa, akamwuliza siri yake, kisha akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini. Liongo akaenda kisimani, akapiga goti na upinde umevutwa, akafa hivyo hivyo. Watu wasithubutu kuteka maji kwa hofu, mpaka mama yake akaenda kumbembeleza, na maiti ikaanguka.

Hadithi hiyo ina damu, ina usaliti, haina mwisho mwema. Na bibi zetu waliisimulia mbele ya watoto pasipo muhuri wa mtu. Lakini angalia walivyoisimulia. Hawakuwauliza watoto, "Mnataka Liongo afe?" Walimleta mama kisimani. Walikusimamisha karibu naye mpaka nawe ukalia. Na mwana msaliti, kadiri ya masimulizi mengi, hakupata faida ya hongo yake.

Basi mimi sikubaliani na fungu la kwanza moja kwa moja, wala la pili. Wanaodai kwamba hadithi chafu ndiyo kweli wamekosea, maana hata uchafu waweza kuwa uongo. Wanaodai kwamba hadithi safi ndiyo wema nao wamekosea. Mtoto akisoma miaka yote habari za shujaa asiyechafuka, siku atakapokutana na mtoto mchafu hatajua kwamba naye ni mtu. Mimi nauliza swali moja tu: kitabu hiki, mwanangu akikifunga, kimemsogeza karibu na mtu aumiaye, au kimemfundisha kumtazama kwa mbali na kuhesabu kura?

SWALI NILILOULIZA

Siku ile Kurasini niliwasimulia habari ya kura, ila sikuwaambia matokeo. Niliwaambia tu: yupo mtoto wa mitaani, ameiba magurudumu, mkaidi, watu wamemchoka. Simu hii hapa. Mngepiga namba ipi?

Kijana akajibu mara moja, "Mimi ningesema afe. Aliharibu hadithi."

Mjomba hakujibu. Alitazama barabarani. Sisi sote tunaokaa mijini tumepata kusikia kile kilio cha "Mwizi! Mwizi!", tukaona watu wakitoka mbio na mawe, na wengine wakivuta tairi na chupa ya mafuta ya taa. Nako hupigwa kura. Anayekuja wa mwisho hajui hata kilichoibiwa, lakini anaokota jiwe, kwa kuwa mkono wake utapotea kati ya mikono mingi. Baadaye mjomba akasema kwa sauti ndogo, "Yule tuliyemkuta pale karibu na soko, mwaka ule... alikuwa na umri kama wako." Wala hakuendelea.

Mama akaweka ungo chini. "Mimi ningeuliza mama yake yuko wapi."

Na babu, yule aliyetaka kitabu kichomwe? Alikaa kimya muda mrefu, akiusugua mguu wake. "Asife," akasema. "Mtoto aliyeiba gurudumu, kwanza umwulize jana alikula nini. Kisha mchape ukipenda, lakini umwulize kwanza."

Ndipo nikawaambia matokeo, na jinsi mtoto yule alivyokufa akimkinga mama yake. Kijana akakichukua kitabu chake, akafungua mahali palipo na vazi la Robin aliyekufa, lile lililotundikwa pangoni. Alikuwa amelipita ukurasa huo pasipo kujua maana yake. Akalitazama kitambo.

YAKUPASAYO WEWE

Msomaji, sikuambii ununue vitabu hivi, wala sikuambii uvichome. Viko ambavyo havimfai mtoto mdogo, na hicho cha Miller ni kimoja. Ni kitabu cha mtu mzima na kijana aliyekwisha komaa. Mwanao wa darasa la tatu ukimkuta nacho, kiweke juu ya kabati mpaka akue, tena mwambie sababu.

Lakini kijana mkubwa usimnyang'anye kitabu kwa hasira. Keti naye. Kama hujui Kiingereza, mwambie, "Nisomee, nieleze." Atafurahi kuwa mwalimu wako. Kisha mwulize: nani anaumia humu? Nani anamlilia? Mwandishi anataka nimhurumie nani, na ni nani amemsahau? Ungekuwa wewe, ungepiga namba ipi?

Na akikujibu vibaya, usimkatize. Yule daktari wa mwaka 1954 aliwapenda watoto, lakini aliyabadilisha maneno yao. Wewe msikilize mwanao mpaka mwisho. Huenda jibu lake baya limetoka mahali anapoumia, na bila kitabu kile usingalipajua.

Vitabu vya giza vitazidi kuja, kwa mitumba na kwa simu. Hata Jason Todd wachapaji walimfufua mwaka 2005, amekuwa mtu mzima mwenye uchungu na bunduki mkononi, na wasomaji wakagawanyika tena. Hayo waachie wenyewe. Lakini yule mtoto anayelala nje ya soko hafufuliwi na mwandishi ye yote. Likizo hii, mwanao akirudi na kitabu chake, vuta kigoda, washa taa, mwambie akusomee.